Chemsha bongo ya Mwalimu na mzungu wa siku kumi

Leo siandiki mambo ya bei ya karatasi wala tona, hasira hizo nishazimaliza. Leo nawasimulia ile chemsha bongo (ya kujaza maneno yanayokatana kwenye vyumba) iliyotula wiki nzima hapa kijiweni, maana kuna wateja wawili watatu wameniuliza kwa nini kamusi yangu ya kuuza imetolewa nailoni na ina doa la kahawa kule kurasa za mwisho mwisho, sasa jibu lake refu, kaeni.

Kwa msionijua, mi nina steshenari Magomeni. Fotokopi, kuprinti, laminesheni, bahasha, kabati la kioo lenye vitabu vya shule. Hatua nne kutoka mlangoni kwangu kuna kijiwe cha kahawa, mabenchi mawili, jiko la mkaa, dele juu yake kuanzia alasiri, sinia la kashata limefunikwa kitambaa. Pale wanakaa wanaume, mi sikai, ila dirisha langu linawatazama wao kwa hiyo nipo kijiweni bila kuwepo kijiweni, nikisikia ujinga napiga kelele kutokea ndani.

Kila Alhamisi saa kumi anakuja Mwalimu. Mstaafu, kafundisha Kiswahili mikoani huko mpaka nywele zikaisha. Anatoa karatasi moja kaikunja mara nne mfukoni mwa shati, ananipa kama ananipa barua ya posa. Ni chemsha bongo, kaichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kumi na tatu kwa kumi na tatu, vyumba vyeusi kapaka penseli. Kwenye fotokopi penseli inatoka kijivu, nishamwambia mara mia apake kwa peni, hataki, anasema yeye hajawahi kutunga bila kufuta. Natoa nakala ishirini, analipa kumi, zile kumi nyingine ananiambia "tutaonana mwanangu" na mi nasema shikamoo Mwalimu, yameisha.

Sasa kuna watu wanadhani kujaza chemsha bongo ya Kiswahili ni rahisi kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Kweli, chumba cha mwisho una herufi tano tu za kukisia, unajiona mjanja. Raha hiyo haifiki mbali maana ukigeukia mwanzo wa neno kila kitu M, kila kitu K, kila kitu U. Halafu vitenzi ndo balaa, pika, anapika, hatukupikiana, tungewapikia, neno moja unalivuta kama mpira wa manati. Ndo maana Mwalimu kaweka sheria: jibu lazima liwe neno linaloanza mstari kwenye kamusi, kwa hiyo pika ipo, anapika haipo. Na ng'ombe inaandikwa vyumba sita, N G O M B E, ile koma ya juu inabaki nje kama ng'ombe mwenyewe.

Na hakuulizi maana kavu. Vidokezo vyake ni vitendawili vilivyovaa tai. Mfano wa wiki hii, kulala namba 5 (kulala ni neno la kwenda pembeni, kushuka la kwenda chini, na namba ya kwenye mabano ni idadi ya vyumba): "Nane ukiongeza moja, kabla Mwarabu hajatia nanga (5)". Side wa bodaboda akaandika TISA haraka haraka, akabakiwa na chumba, akasema Mwalimu kakosea kuhesabu. Mama Hawa, mama lishe wetu, anapita na sufuria la maharage kichwani, akasema bila kugeuka, "Kenda." Kenda ndo nini? "Tisa ya bibi yangu, Tanga." Akaenda zake. Mi nilienda kuangalia na kweli, sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu, yetu ya asili kwenye hiyo nafasi ya tisa ni kenda, ipo na wala haijafa, inatumiwa na wanaojua. Huyo huyo Mama Hawa ndo alimaliza kile cha "Siku saba, mlango haufunguliwi ovyo (7)", wanaume wamekaa wanasema eda, sijui matanga, sijui karantini, yeye akacheka mpaka akaweka sufuria chini. FUNGATE. Siku saba za maharusi ndani. Jamani watu wazima wenye ndoa zenu mnasema karantini.

Basi mpaka Jumamosi jioni karatasi ya kijiwe (kuna moja ya wote, inabandikwa ukutani kwangu kwa selotepu, kila mtu anapendekeza ila mwenye kalamu ni mimi) ilikuwa imejaa robo tatu. Ikabaki kona ya chini kushoto. Nawachorea kwa maneno ili mnielewe. Kulikuwa na neno la kulala, vyumba sita, kidokezo chake hiki, kisomeni taratibu:

"Ana siku kumi tu, na hata hizo hasemi kweli (6)".

Juu ya hilo neno yanapita matatu ya kushuka. Herufi yake ya kwanza inakatwa na neno la vyumba nane, "Mlingoti ndio unaosifiwa, tanga halipandi bila yeye". Herufi ya tatu inakatwa na "Sayari yenye pete bila ndoa (6)". Na herufi ya mwisho ndo inaanzisha kijineno cha vyumba vitatu, "Mwenzake tezi (3)".

Mtu wa kwanza kusoma kile cha siku kumi alisema mwongo. Nataka hili liwekwe kwenye kumbukumbu. Side alisema, "Hasemi kweli, si mwongo tu huyo," na vyumba vinatosha kabisa. Lakini wakati huo ile sayari ilikuwa ishajazwa. Aliijaza Ustadhi. Ustadhi anafundisha madrasa nyuma ya msikiti, Kiarabu chake hakuna wa kukigusa hapa mtaani, alisoma kidokezo mara moja akasema, "Sayari yenye pete ni Zuhal, andika ZUHALI," na mi nikaandika. Kwa peni. Herufi ya pili ya ZUHALI ni U, hiyo U inaangukia chumba cha tatu cha neno letu, mwongo chumba cha tatu ni O, basi mwongo akafukuzwa. Na siku kumi zenyewe nani angezieleza, mwongo ana siku arobaini, kila mtu anajua, arobaini zikifika anakamatwa. Au hiyo ni ya mwizi. Basi hata hivyo.

Jumatatu tukampata Nahodha. Huyu mzee ni wa Makunduchi, kaendesha majahazi Unguja, Dar, Mafia, mpaka magoti yakakataa, sasa hivi anakaa kwa binti yake hapa mtaa wa pili na kijiweni anakuja kwa ajili ya bao tu, chemsha bongo haangalii, anasema herufi ndogo zinamtia kizunguzungu. Nikamsomea kile cha mlingoti. Akaniangalia kama nimemuuliza jina la mama yake. "Foromali. Ule mti unaofungwa tanga ukavutwa juu. Mlingoti unasimama tu pale, kazi anafanya foromali." Vyumba nane, F O R O M A L I, imekaa. Nikampa na kingine kilichokuwa kinatusumbua juu kule, "Akizama kwa jua huzuka kwa mvua (7)", hata sijamaliza kusoma akasema kilimia, zile nyota zinazokaa pamoja kama kuku na vifaranga. Nikasema hapa tumepata kamusi inayotembea. Kesho yake kamusi ikapata taarifa ya msiba, ikapanda basi kwenda Bagamoyo.

Sasa tuna M mwanzo, U chumba cha tatu. M, wazi, U, wazi, wazi, wazi. Ana siku kumi tu na hasemi kweli. Mkaa, mtu, msumari, watu wanataja vitu. Jumatano mchana Side akasimamisha pikipiki katikati ya njia, hajashuka, helmeti kichwani, "MZUNGU!"

Nikamwambia fafanua.

"Dada, mi nawabeba hawa kutoka feri. Mzungu anakuja siku kumi, tano Zanzibar, tano mbugani. Siku ya kumi anakukumbatia, anakwambia mwakani narudi nitakutafuta, namba anachukua. Umeshaona aliyerudi?"

Kijiwe chote kilisimama kupiga makofi. Mi mwenyewe nilipiga. M Z U N G U, sita, U yetu imekaa kwenye tatu kama imezaliwa pale. Ukweli ni kwamba moyoni kitu kilinikwaruza, kwamba Mwalimu hawezi kutukana watu namna ile, si mtu wa maneno hayo, ila ukishaona herufi zinaingia unaacha kuuliza maswali. Nikaandika. Kwa peni tena, sijifunzi mimi.

Ikabaki "Mwenzake tezi". Kwa MZUNGU ile herufi ya mwisho inakuwa U, na kwa chini tulishakuwa na ORODHA ("Majina yamepangwa, lako lipo?") ambayo O yake ya kwanza ndo herufi ya mwisho ya kile kijineno. Kwa hiyo U, kitu, O. Tezi si zile za shingoni na kwingineko? Mtu akasema tezi mwenzake dume, wakacheka, vyumba vitatu hivyo mzee. Mama Hawa akasema kuna uto, mafuta mafuta yanayotoka kwenye nyama, na tezi nayo si inatoa majimaji, basi UTO. Neno lipo, halina shida. Shida ilikuwa nusu ya kijiwe ni Simba, na wao Uto ndo jina wanalowaita Yanga, kwa hiyo ikawa kelele nusu saa kwamba Mwalimu hatimaye kaonyesha timu yake, kwamba Yanga mwenzake ni tezi, sijui nini na nini. Mi nilifunga dirisha.

Usiku ule nilikaa kwenye simu nasoma habari za hivi vitu, maana nilikuwa na ile raha ya mtu aliyemaliza. Kumbe aliyetengeneza ya kwanza kabisa ya kisasa alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, akaitoa kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na haikuwa mraba, ilikuwa na umbo la almasi, na neno la kwanza lilikuwa keshaliandika mwenyewe ili watu waelewe mchezo. Halafu nikakutana na moja ikanikumbusha Mwalimu wetu mpaka nikacheka peke yangu kitandani. Uingereza, 1944, wakati wa vita, kuna mwalimu mkuu wa shule anaitwa Leonard Dawe alikuwa anatunga za gazeti la Daily Telegraph. Mwezi wa tano na siku ya kwanza ya mwezi wa sita yakawa yanatokea majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, Neptune, na hayo yote yalikuwa majina ya siri ya ule uvamizi wa Normandy uliofanyika tarehe 6 Juni! Makachero wakamfuata wakamhoji, mzee wa watu hajui kitu. Miaka arobaini baadaye, 1984, mtu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake akajitokeza akasema Dawe alikuwa na kawaida ya kuwapa wanafunzi vyumba wamjazie maneno, kisha yeye anatunga vidokezo, na yale maneno yeye aliyasikia kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu na shule. Nikajiuliza wa kwetu anayaokota wapi ya kwake. Swali nililiuliza kwa kutania tu, jibu likaja baadaye.

Alhamisi nikamkabidhi karatasi imejaa yote. Mwalimu hajibu papo hapo "hii sawa hii si sawa". Akaivua miwani, akaivaa, akaishusha karatasi macho yakitembea kwenye mistari kama anasahihisha insha, nusu dakika haikufika, akatoa kalamu nyekundu (anatembea nayo hadi leo) akaandika kwenye kona ya juu: 3. Akaizungushia duara. Akanirudishia.

"Makosa matatu?"

"Matatu."

"Yapi Mwalimu?"

"Ningekuwa naandika yapi, ningekuwa natunga ya nini?" Akaniachia na karatasi ya wiki mpya nitoe nakala.

Hapo ndo utajua watu. Maneno yako zaidi ya arobaini, matatu mabovu, na kila mtu ana uhakika la kwake zima. Ijumaa nzima tulikuwa mahakamani. Vijana wakasema kenda hiyo, hakuna neno kama hilo, Mama Hawa akatishia kuwakatia mikopo ya chakula, kenda ikaachiwa huru. Wakasema fungate, wakasema foromali, nani anajua foromali, mwenye foromali yuko Bagamoyo. Yaani angalieni, tulishuku maneno yote tuliyofundishwa na wanaojua na hatukushuku hata moja tulilokisia wenyewe. ZUHALI ndo kabisa haikutajwa. Nani ataitaja, Ustadhi amekaa pale na tasbihi.

Kilichonisumbua mimi ni UTO. Nilikaa nayo usiku. Kwenye vidokezo vya Mwalimu kila neno lina kazi, na "mwenzake" ni neno la viwili vinavyokwenda pamoja, chungu na kifuniko, kinu na mchi. Tezi na uto hawajawahi kuoana popote.

Jumamosi alasiri Nahodha akarudi. Nilimsikia kabla ya kumwona maana Side alikuwa anasoma vidokezo kwa sauti, anapiga kelele "tezi, jamani tezi, nani anajua mambo ya tezi," na nikasikia fimbo imegonga sakafu.

"Nimeondoka siku nne tu," Nahodha akasema, "mshaanza kujadili afya yangu barabarani?"

Kimya. Side mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Nikatoka dukani mbio, "Shikamoo Nahodha, pole na msiba, si wewe, ni chemsha bongo, imeandikwa mwenzake tezi, vyumba vitatu." Akakaa. Akamaliza kikombe chake kwanza. Mi nasubiri.

"Tezi ya mtu au ya chombo?"

Kumbe kuna ya chombo. Nikasema sijui mzee, kuna ya chombo?

"Nyuma ya jahazi ni tezi. Mbele ni omo. Tezi na omo marejeo ni ngamani, hamkufundishwa? Maji yaingie kwa mbele, yaingie kwa nyuma, yote yanakwenda kujaa ngamani, tunayatoa kwa ndoo." Na akaonyesha kwa kiganja, akakiinamisha hivi kama chombo, kidole kikimwaga maji ya kuwazia kwenda katikati ya kiganja.

OMO. Miaka yote hii nanunua sabuni hiyo, naitamka kila wiki dukani kwa Mpemba, sijui kama ni mbele ya jahazi. (Sabuni haijatoka huko, najua, msiniandikie.) O, M, O, na ile O ya mwisho inakaa kwenye ORODHA bila kuguswa. Nikafuta UTO, yaani nikakwangua kwa wembe maana ni peni. Lakini sasa OMO inaanza na O, kwa hiyo mzungu wetu lazima aishie na O, na mzungu haishii na O. Mzungu akaondoka, siku zake kumi zimekwisha. Makofi hakuna safari hii.

Ikabaki M, wazi, U, wazi, wazi, O. Watu wakaanza, MKUNJO, ndiyo inaingia, ila mkunjo gani una siku kumi? Nikamsomea Nahodha kidokezo chenyewe, kwa sababu nilishaona yule mtunzi wiki hii anatembea baharini: tanga, kilimia, omo. Siku kumi nini kwenu, mzee?

"Siku kumi ni mwongo."

Nikamwambia rudia.

Akaeleza, na hapa hata Ustadhi akasogea. Kwao Makunduchi mwaka wao unaanzia siku ya Mwaka Kogwa, ile ya mwezi wa saba watu wanapigana kwa migomba, hiyo watalii wote wanaijua, ila wasichokijua ni kwamba baada ya pale wazee wanahesabu siku kumi kumi. Kila kumi inaitwa mwongo. Miongo thelathini na sita, zinabaki siku tano, mwaka umefunga. Unasema tuko mwongo wa mia, mwongo wa mia na kumi, mvuvi anajua upepo gani unakuja na mkulima anajua apande nini, kalenda ya ukutani haina habari hiyo, na miezi ya kuandama haisaidii kwa sababu yenyewe inahama na pepo hazihami. Sisi wa huku mjini mwongo tunaujua wa miaka kumi, wa kwenye taarifa ya habari, kumbe baba yake ni huyu wa siku kumi.

Kwa hiyo: ana siku kumi tu, na hata hizo hasemi kweli. Mwongo na mwongo. Nilihisi kama mtu kanivua miwani yenye ukungu. Side alikuwa anaruka, "Nilisema! Jumamosi ile nilisema!" na kweli alisema.

Sasa MWONGO chumba cha tatu ni O. Na pale chumba cha tatu kuna U. Na ile U ni ya Ustadhi.

Hakuna aliyesema kitu. Unajua ule ukimya wa kila mtu anaangalia kashata. Mi ndo mwenye kalamu, ikabidi niwe mimi. Nikaingia ndani, nikafungua kabati la kioo, nikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mpya, ya kuuza, nikaichana nailoni kwa meno, nikaja nayo mpaka benchi nikampa yeye mwenyewe mkononi. "Ustadhi, nisaidie kutafuta sayari, macho yangu leo mabaya." Aliielewa, si mtoto. Akafungua nyuma kabisa, akashuka na kidole, zi, zo... akasimama hapo. Side akainama juu ya bega lake kutaka kuona na kikombe mkononi, mengine mnayajua.

Kahawa inatiririka kwenye ukurasa, Ustadhi anasoma: ZOHALI.

"Kiarabu chake ni Zuhal," akasema taratibu. "Ila hawa wameandika zohali." Akachukua kalamu yangu, hakunipa mimi, akaigeuza ile U kuwa O mwenyewe, akaziba pale juu kwa kijistari. Ilitosha kabisa. Makosa matatu: sayari, mzungu, uto. Moja tu lilikuwa kosa, mengine mawili yalizaliwa humo humo.

Hadithi ingeishia hapa ila kulikuwa na karatasi ya pili. Side alikuwa na nakala yake anayojaza pembeni, na yeye aliandika MUONGO. Alhamisi iliyofuata tukapeleka zote mbili. Ya kijiwe ikarudi na SAHIHI nyekundu, ya Side ikarudi na 1. Side akaguna, akaikunja. Mwalimu akaanza kumfundisha, m- ikikutana na irabu mara nyingi inakuwa mw-, mwalimu, mwizi, mwoga, mwongo.

Ustadhi akasema, "Mwalimu, samahani. Hicho chumba cha pili kinakatwa na neno gani?"

Mwalimu akaangalia. Hakikatwi na neno. Juu cheusi, chini cheusi.

"Na magazeti yanaandika muongo, redio zinasema muongo, na herufi ni sita vile vile. Mimi nilikosa U kwa sababu O ilikuwa inasubiri upande wa pili, nimekubali. Huyu kijana angejuaje?"

Jamani. Mwalimu alikaa na ile karatasi muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona anakaa na karatasi. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile nakala halisi ya penseli, akaiweka kwenye goti la Ustadhi, na kalamu nyekundu juu yake. Ustadhi akaandika 1 kwenye kona, akaizungushia duara vizuri kabisa. Kahawa ya siku hiyo alilipa Mwalimu, ya wote, hadi mi nililetewa dirishani.

Nilimuuliza maneno ya bahari aliyatoa wapi wiki ile. Akamwonyesha Nahodha kwa kidevu, yuko kwenye bao, ametupa mgongo. Anasema anakaaga nyuma yake tu anamsikiliza anavyogombana na kete.

Kamusi bado ipo, naiuza kwa punguzo. Doa liko kwenye Z peke yake, zohali inasomeka.